Historia ya Mayu Mageni, Ilivyosomwa na Mkalimani Wake

Padre, wazee wa ukoo, ndugu, majirani na nyote mliofika hapa Tinde leo, Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, wazee wamenikabidhi mimi, Onesmo, mtoto pekee aliyebaki, niwasomee maisha ya mayu, yaani mama yetu, Paskazia Mageni Masalu, wakaniomba nisome kwa Kiswahili ili wageni wa mjini waelewe, nami nitasoma hivyo, ingawa yeye aliyelala hapa mbele yetu asingeelewa hata nusu yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kwa mujibu wa kadi yake ya ubatizo, hapa hapa Tinde, akiwa mtoto wa nne wa mzee Masalu, siku ambayo nyumba ilikuwa imejaa wageni, ndiyo maana akaitwa Mageni. Darasani hakuingia, kaka zake walikwenda shule yeye akabaki na ng'ombe, lakini alijua kusimulia, alijua kutania, na alikuwa akiwabandika watu majina mpaka mwenye jina anacheka mwenyewe, na yote hayo aliyafanya kwa Kisukuma.

Tarehe 8 Agosti 1970 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Valerian, wakahamia Katoro mwaka 1978, wakati Katoro ilikuwa bado mashamba, wakalima pamba na viazi, na mji ulipochangamka kwa dhahabu mama akawa anapeleka michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, sokoni. Kiswahili chake alikiokota pale sokoni, kikamtosha kusalimia na kuuza, hakikumtosha kuumwa.

Mungu aliwajalia watoto watano, watatu wakafariki wakiwa wachanga, na dada yangu Limi, ambaye angekuwepo leo tusingekuwa tunasoma historia hii, alifariki kwa uzazi tarehe 19 Septemba 2009. Nikabaki mimi, karani wa mahakama mjini Shinyanga, ambaye kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikiwatafsiria wenzetu wa vijijini mbele ya hakimu, na wafanyakazi wenzangu walioketi pale ni mashahidi kwamba sijawahi kuruka neno la mtu, hata liwe la aibu kiasi gani.

Baba alipofariki, tarehe 3 Februari 2022, nilimchukua mama tukaishi naye kwangu Ngokolo, mjini Shinyanga, na wiki ile ile nilimkuta anamfundisha binti yangu Noela kuhesabu kwa Kisukuma, nikamwambia mbele ya mke wangu Violeth, ambaye ni mtu wa Mbeya, kwamba lugha ya shamba itamharibia mtoto masomo, naomba nyumbani kwangu isisikike. Tangu siku hiyo mezani alikula kimya, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani ni uzee.

Ugonjwa ulianza mwezi Oktoba 2024, na hapa naomba akina mama mnisamehe kwa nitakayoyataja. Tarehe 3 Desemba nilimpeleka hospitali, akasema mgongo, akapewa dawa za mgongo, na tarehe 21 Januari tukarudi, ambapo muuguzi Serafina alimtazama usoni, kisha akanigeukia akaniambia, "Kaka, tuachie mama kidogo, Kisukuma mimi nakijua." Nilikataa, nikajigamba kwamba mkalimani anayeaminiwa na mahakama ndiye mimi. Daktari akaniomba nimuulize mama kama anatokwa na damu sehemu za siri, na mimi, mtoto wa kiume, nikatazama sakafu, nikamuuliza kama analala vizuri, akajibu kwamba analala, nami nikamwambia daktari hapana, hatokwi na damu.

Sisi wa huku tunajua kwamba mama wa Kisukuma hawezi kumwambia mwanawe wa kiume jambo la namna hiyo, wala mkwewe, wala hawezi kulipeleka kwa jirani akamwaibisha mwanawe mtaani, lakini kwa mjukuu hana la kuficha, bibi na mjukuu wanataniana na kuambiana yote. Mama alifuata njia hiyo, njia sahihi kabisa, akamwambia mjukuu wake.

Tarehe 9 Aprili 2025 alianguka bafuni, akapimwa na daktari mwanamke, ikaonekana ni saratani ya mlango wa kizazi, tena imeshasambaa, na daktari akasema kwamba tungewahi mwezi Januari lingekuwepo la kufanya. Pale koridoni Noela, ana miaka kumi na sita, alinishika mkono akaniuliza, "Baba, au ni maji niliyokuwa nampa?" Nilipomwambia anieleze, alisema tangu Desemba kila walipobaki wawili bibi alimnong'oneza maneno marefu ambayo hakuyajua, isipokuwa moja alidhani analijua, mininga, mininga, naye akakimbia kumletea kikombe cha maji, bibi akakitazama, akakinywa, akasema wabeja, yaani asante.

Ndugu zangu, maji kwa Kisukuma ni minzi. Mininga ni damu.

Miezi minne mama yangu alisema neno la kweli, kwa mtu aliyestahili kuambiwa, kwa lugha iliyo sahihi, akaletewa maji. Noela hana kosa, na ninawasihi msimtazame kwa jicho la kulaumu, kwa sababu niliyemnyima masikio ya Kisukuma ni mimi, na sijui nitaishije na jambo hili, sijui kabisa. Nilimwomba mama msamaha kwa Kisukuma tarehe 27 Mei, lakini alikuwa haitikii tena, na tarehe 30 Mei 2025, saa nne asubuhi, akafariki.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari waliompunguzia maumivu, muuguzi Serafina, ambaye natamani ningemsikiliza, majirani wa Ngokolo mliopika na kulala nasi tangu Ijumaa, wafanyakazi wenzangu kwa gari na turubai, Padre na kwaya.

Mayu Mageni, pumzika sasa, amani iwe yako, na huko unakokwenda Mungu akuulize mwenyewe kwa Kisukuma, ukamjibu yote bila haya, na mwanao nisiwepo kukutafsiria.