Masale ya Katikati ya Kihamba

Benchi letu liko Kiboriloni, nyuma ya soko, kati ya marundo ya mitumba na ukuta wa duka la pembejeo. Anayetupa kahawa ni Rajabu, tunayemwita Spika kwa sababu ndiye anayeamua nani aseme na nani anyamaze. Asiyetii hujaziwa kikombe nusu. Alhamisi ile binamu yangu Eliudi alikuwa ameshuka kutoka mlimani, na kahawa ilikuwa imempoa mkononi. Kamati ya kijiji inataka kusimamisha sanamu ya Mangi Ngatara, aliyetawala upande wetu enzi za Wajerumani, na imeomba mahali ndani ya kihamba cha Eliudi, shamba la migomba la kwao, katikati penye masale, ile mimea ya majani marefu, kwa kuwa panaonekana kutoka barabarani. Jibu lilitakiwa kabla ya jioni. Akikubali, majirani wa ng'ambo ya mfereji, wajukuu wa waliochomewa nyumba na Mangi huyo, wameapa hawatakuja hata kumzika. Akikataa, ukoo wetu utasema ameuza heshima yake. Fundi alikuwa ameshatangulia kupima.

— Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo, alianza Wenseslaus wa Kibosho, ambaye kwetu ni Seminari kwa miaka miwili aliyosomea upadri. Mtu amechoma nyumba za wenzake, leo tunamjengea sanamu?

— Kwani nani hakuchoma siku zile? alidakia Mudrik, muuza viatu, jina lake la benchi Satelaiti. Ngatara alikuwa kichwa bwana! Alichimba handaki kutoka kwake mpaka Tarakea. Mjerumani anamsaka huku, mwenzio yuko mpakani anakunywa mbege!

— Mpaka ulikuwepo? Spika aliuliza.

— Si ndiyo waliuweka baadaye ili wamkamate!

Watu walicheka. Eliudi aliigeuza simu yake kifudifudi juu ya benchi, kisha akaigeuza tena.

— Nyie mnacheka, alisema. Mimi jioni nasimama mbele ya watu. Niambieni, alikuwa mwema au mbaya? Nataka neno moja.

— Mbaya, Seminari alisema. Mimi bibi yangu alinisimulia. Walioshindwa walimpelekea sale. Sasa wewe Mchagga mwenzangu unajua, mtu akikuletea jani la sale, hata kama amekuulia ndugu, unasamehe. Ngatara alilipokea. Akalishika vizuri tu. Halafu usiku akawatoa watu majumbani, akachoma.

Spika aliacha kumimina.

— Alilipokea kwanza?

— Kwa mikono miwili.

— Basi mimi nimeelewa! Satelaiti aliruka. Ndiyo maana theluji kule juu inaisha! Wazungu wanahangaika na mashine zao, kumbe ni jani! Nimeona kwenye simu juzi, kuna mtu kaeleza vizuri sana.

— Huyo mtu ni wewe na akaunti yako nyingine. Kunywa kahawa.

— Spika, kikombe changu mbona nusu?

— Kanuni za Bunge.

Eliudi hakungoja wamalize.

— Seminari, bibi yako alikuwa wa upande ule, lazima aseme hivyo. Mimi nimelelewa kwa mkono wa Ngatara. Babu yetu Kisaka alikuja hana hata mbuzi. Akambebea Mangi mkuki, akapewa kihamba. Migomba inazaa, mfereji unapita, banda la ng'ombe limesimama. Nani mwingine angempa masikini kitu kama hicho?

— Migomba inazaa tayari? Spika aliuliza. Huyo Mangi alikuwa na mbolea gani?

— Usinichokoze, Rajabu.

— Nauliza tu, kaka.

— Huyo Kisaka mimi namjua habari zake, Satelaiti alisema. Alizikwa hai chini ya kiti cha Mangi ili kiti kisitikisike. Ndiyo maana sanamu inataka kukaa kwenu!

Hapo sikuweza kunyamaza. Mimi ndiye ninayeshika majina ya ukoo wetu, na sipendi yachezewe.

— Kisaka alikufa mzee, nilimwambia. Alibatizwa uzeeni, akazikwa kanisani, nyuma ya kengele. Mwanawe Yohane na wote waliofuata wako upande wa chini wa nyumba, kwenye makaburi ya saruji, kila mmoja na jina lake. Hakuna aliyepotea.

— Haya, umesikia, Spika alimwambia Satelaiti. Kumbukumbu rasmi hiyo.

Pikipiki ilisimama kando ya mitumba. Alishuka Godbless, fundi wa sanamu, kijana wa Rombo, suruali imejaa udongo mwekundu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Umeshapima? Eliudi aliuliza.

— Nimepima, baba. Ila sijachimba. Nimekuta masale yamezunguka duara, makubwa, yamepaliliwa safi.

— Tunapalilia kila Krismasi, Eliudi alisema. Watoto wote wakirudi nyumbani, tunaanzia pale. Tunamwaga na mbege kidogo.

— Ndiyo nikasema nishuke kwanza niulize. Kwetu masale ya duara katikati ya kihamba yana mtu. Siwezi kupiga sululu kabla sijamwita jina na kumwomba ruhusa. Aliyelala pale anaitwa nani?

Eliudi alinigeukia. Na wengine wote wakanigeukia. Niliyapitia majina yetu kuanzia Kisaka mpaka mtoto wa juzi. Kila jina lilikuwa na kaburi lake, kama nilivyosema mwenyewe punde tu.

— Sina, nilijibu.

— Huna vipi? Wewe?

— Si wa kwetu, Eliudi. Alikuwepo kabla Kisaka hajapewa kihamba.

Seminari alitazama chini. Simu ya Eliudi ilianza kuita. Mwenyekiti wa kamati. Ilitikisika mpaka ukingoni mwa benchi, Spika akaidaka, akaishika bila kuipokea.

— Baba, niwaambie vijana niliowaacha kule waanze kuchimba? Godbless aliuliza.

— Wasiguse, Eliudi alisema. Wasikate hata jani moja.

Kisha akasema, kama anayeongea na kikombe:

— Jani la kuombea radhi ninalo shamba zima. Nimpelekee nani?

Spika aliinamisha birika. Lilitoa mashapo ya kahawa tu.