Wagonjwa Waliokosekana Kwenye Jedwali

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mganga Mkuu wetu, ndugu wafanyakazi, na ninyi familia ya mstaafu mliojaa mstari wa mbele kana kwamba mmekuja kumchukua kwa nguvu: habari za mchana!

Tunamuaga mtakwimu wetu, tuliyemzoea kwa jina la Mama Mapengo. Wageni, msimtazame mdomoni. Meno yake yote yapo. Mapengo ni zile nafasi zinazobaki tupu kwenye jedwali mgonjwa asipofika kupimwa.

Mimi ni daktari, na kisa hiki kinaniaibisha. Kwa miaka sita tuliwapima presha wagonjwa mia nne, kila baada ya miezi mitatu, tukijaribu dozi mpya ya dawa. Ripoti ilipokaribia nikamwambia, "Mama, waliokosa kufika wafute tu. Waliobaki wanaendelea vizuri."

Akavua miwani. "Daktari, waliofika umewapima. Wasiofika umewauliza?"

Alikuwa ameshajaza kila pengo kwa makadirio, mara ishirini kwa namna ishirini, na kila mara dawa ilionekana njema. Lakini hesabu yote ilisimama juu ya dhana moja, kwamba wasiofika wanafanana na waliofika. "Hilo kompyuta haiwezi kunijibu," akasema, akavuta simu.

Wa kwanza kupokea alikuwa fundi cherehani. "Nije vipi, mwanangu? Nikimeza vidonge vyenu, nikisimama tu dunia inazunguka. Juzi nimeangukia cherehani!" Wa pili, yaleyale. Kufikia Ijumaa waliosema hivyo walikuwa thelathini na mmoja. Nani kati yetu angepiga simu zote hizo? Mimi nilikuwa nimeshaandika utangulizi wa ripoti, tena kwa mbwembwe!

Akaisuka upya modeli yake ya hesabu, wasiofika wakapewa uzito wao, na sifa za dozi yangu zikaporomoka. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu tukapunguza dozi. Baada ya wiki chache fundi yule alikuja kliniki kwa miguu yake, akanigombeza mbele ya foleni nzima, nami nikanywea.

Ripoti ilipotoka, jina la kwanza lilikuwa langu. Nilisifiwa, nikanyamaza. Mama, leo nasema mbele ya wanao: kazi ile ilikuwa yako, na kosa lilikuwa langu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Makofi msinipigie mimi, mpigieni mwenyewe.