Mama Séraphine Nyiransengimana na Nyumba Zake za Mbao

Wapendwa Papa na Mama mliokuja kukaa nasi hapa Ndosho, familia inawaomba sikio, na mkicheka mahali fulani msione haya, kwani marehemu mwenyewe angekuwa wa kwanza kucheka.

Mama Séraphine alizaliwa Kiwanja tarehe 14 Aprili 1952, akamaliza shule ya msingi hukohuko mwaka 1964, kisha akafanya biashara ya maharagwe, akiyapakia Kiwanja na kuyauza Goma, kazi iliyomkutanisha na Papa Mbarushimana, dereva wa lori, wakafunga ndoa tarehe 7 Julai 1973, wakajaliwa mtoto mmoja, Umuhoza, kabla ya Papa kututangulia mwaka 1999.

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ilimeza nyumba yake ya matofali hapa mjini Goma, naye akaapa kutojenga tena kitu kisichobomoleka na kuhamishika. Umuhoza, aliyekwenda Montréal mwaka 2006 kutunza wazee, alituma fedha kila mwezi ili mama ajenge ya matofali, maana aliona aibu mama yake kulala kwenye mbao, naye mama, badala ya kubishana, alijenga ya mbao kule Buhene, akamtumia picha ya nyumba ya matofali ya jirani, Papa Bagalwa, kana kwamba ni yake, na fedha iliyobaki akanunua mbao na mabati, akaviweka kwa seremala hapa Ndosho, ambako hata waasi walioingia mjini Novemba 2012 hawakuona cha kuchukua.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano iliunguza nyumba zote mbili, ya mama na ya jirani, na Umuhoza akailia kwenye simu ile nyumba ya pichani, hata mama akakiri: “Usilie, mutoto wangu, ile ni ya Papa Bagalwa, ni yeye wa kulia.” Binti alinuna wiki nzima, lakini tarehe 12 Juni nyumba mpya ya zile mbao za kwa seremala ilisimama hapa, Papa Bagalwa na watu wake saba wakahamia humo pamoja na mama, na Umuhoza akatuma fedha ya mbao nyingine bila kuombwa.

Mama aliugua shinikizo la damu tangu 2022, akafariki tarehe 9 Machi 2024, Umuhoza, aliyerudi kutoka Montréal kumuuguza, akiwa amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wauza maharagwe wenzake waliompikia hadi mwisho.

Kaburi Umuhoza amelijengea matofali, na kwa mara ya kwanza mama hakuweza kumzungusha. Pumzika kwa amani, mama yetu, sasa huhami tena.