Moja Mara Tatu Iliyomfundisha Levina Kuuliza

Wasikilizaji wapendwa, hodi majumbani mwenu. Leo tunamkumbuka Levina Fulgensi, mkulima wa mpunga wa Kisawasawa. Alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na moja. Levina alikuwa mtu wa kuuliza. Hospitalini walimchoka kwanza, wakampenda baadaye.

Hakuanza hivyo. Miaka tisa iliyopita mumewe, mzee Egidius, alipewa vidonge vya ugonjwa wa sukari. Bahasha iliandikwa 1 x 3. Maana yake kimoja, kutwa mara tatu. Mzee akapiga hesabu: moja mara tatu ni tatu. Akameza vitatu kwa mpigo, akaenda shamba. Kufika saa nne sukari imeshuka, akaanguka kwenye majaruba ya mpunga.

Hospitalini daktari aliwaka: "Hamkusoma bahasha?"

Levina akajibu: "Tulisoma, mwanangu. Tena tukapiga na hesabu."

Mzee alipona. Tangu siku hiyo Levina hakuondoka kwenye dirisha la dawa bila kuelezwa. Hiki cha nini? Kabla ya kula au baada? Akisahau, tufanyeje? Muuguzi mmoja alimtania: "Shikamoo bibi. Leo umeleta mgonjwa au umekuja kutukagua?"

"Marahaba. Ninyi mnabaki hapa. Mimi ndiye ninayerudi naye nyumbani."

Tuseme ukweli. Wengi wetu tunaitikia tu, "Sawa daktari." Tukifika stendi tunaanza kusema hospitali ile haifai. Levina hakuwa hivyo. Kwake, huduma nzuri ni kutoka mlangoni ukijua unakwenda kufanya nini.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Binti yake, Rosemery, alikuwepo, naye anasimulia: "Mama aliuliza, 'Huu ugonjwa utapona?' Daktari akavuta kiti, akakaa karibu. Akamwambia, 'Hautapona, mama, ila tutaupunguzia makali.' Akaeleza yote. Njiani mama akaniambia, 'Leo wamenihudumia vizuri.'"

Wasikilizaji wapendwa, aliambiwa hatapona, akasema amehudumiwa vizuri. Kwa sababu aliuliza, akajibiwa.

Siku ya mazishi mzee Egidius alinishika mkono. "Sasa nani ataniulizia?"

Pole sana, mzee wetu. Pole Rosemery na ndugu wote wa Kisawasawa. Mungu ampumzishe Levina. Na swali lako, mzee, sasa nina jibu: kliniki yako ya sukari ni Jumanne. Utauliza mwenyewe, kwa mdomo wako. Nasi tunaosikiliza tujiulize: mara ya mwisho tulipotoka kwa daktari, tulitoka tukijua nini?