Mkono wa Mwalimu Docus Khainza, 1974–2025

Wasifu ulioandikwa na kusomwa na kaka yake, Arnold Wanyama, nyumbani kwa marehemu Wanyange, Jinja, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025.

Mwalimu Docus Khainza Balikowa alizaliwa Nakaloke, kaskazini mwa mji wa Mbale, asubuhi ya tarehe 14 Machi 1974. Baba yake ni Mzee Wanyama, ambaye wazee wa Mbale wanamjua kwa mabango ya maduka na sura za watu alizochora ukutani. Mama yake ni Mama Gorreti, mke wa pili wa mzee. Jina la Khainza alipewa na baba mwenyewe. Lilikuwa jina la nyanya yetu, na siku hiyo hakuna aliyeuliza kama linamfaa. Mimi ni mtoto wa mke wa kwanza. Familia imenipa kazi ya kusoma wasifu huu, na ninaikubali nikijua kwamba nilikuwa miongoni mwa watu waliomtilia marehemu shaka kwa muda mrefu zaidi.

Shaka hiyo ilianza Krismasi ya mwaka 1982. Mzee alitukusanya watoto uani Nakaloke, akampa kila mmoja kipande cha mkaa na ubao, akatuambia tumchore jogoo aliyefungwa mguuni. Sisi wanne wa mama yangu tulichora jogoo. Docus, mwenye umri wa miaka minane, alichora kitu kama gunia lenye miguu. Tulicheka. Baba naye alicheka, kisha akauchukua ubao wake na kuutazama.

"Mkono huu ameutoa wapi?" alimuuliza Mama Gorreti. "Kwetu mtoto huzaliwa anajua."

Alisema hivyo mara moja tu, lakini maneno yakapata miguu. Mdogo wake baba, Mzee Wamboga, aliyarudia sokoni, akiongeza kwamba mtoto si wa kwetu. Watu wakaanza kumchunguza Docus masikio, vidole, mwendo. Kufikia Februari 1983 Mama Gorreti alikuwa ameambiwa aondoke, akafunga vitu vyake na kumpeleka binti yake Jinja, kwa kaka yake mwenyewe, Afande Odhiambo, askari wa magereza. Hatukuwaona tena kwa zaidi ya miaka thelathini.

Docus alisoma shule ya msingi na sekondari Jinja akiishi katika nyumba za magereza, ambako majirani walitoka kila upande wa nchi na watoto walicheza kwa Kiswahili. Ndiyo maana wasifu huu umeandikwa kwa lugha hii, aliyoipenda na ambayo sisi ndugu zake wa Mbale tunaiongea kwa kubabaisha. Mjomba Odhiambo anasema alikuwa mtoto mwenye bidii na mwenye kuuliza sana, ila ukimpa penseli ya kuchorea aliirudisha mezani kana kwamba ina moto. Mwaka 1995 alihitimu chuo cha ualimu, na Februari 1996 akaanza kufundisha hesabu katika shule moja ya msingi Mpumudde, hapo hapo Jinja.

Mwaka 1999 mwalimu wa uchoraji alihama, na mwalimu mkuu akamkabidhi Docus kipindi hicho kwa sababu ratiba yake ilikuwa na nafasi. Alikataa mara mbili. Siku ya kwanza darasani alichora ng'ombe ubaoni, na mtoto wa mbele akanyoosha mkono akauliza kwa adabu, "Mwalimu, hiyo ni meza?" Kisa hiki alikisimulia mwenyewe kila alipoombwa kuzungumza mbele ya watu, na kila mara alicheka kabla hajafika mwisho.

Aliamua kuanza na kitu kimoja. Aliweka birika la ofisi ya walimu juu ya dawati, akalichora muhula mzima, kila siku baada ya masomo. Alipima urefu wake kwa penseli aliyoishika mbele ya jicho. Alifuta zaidi ya alivyochora. Muhula uliofuata alichora mikono ya walimu wenzake walipokuwa wakisahihisha madaftari. Ilimchukua miaka sita kufika mahali ambapo mtu angeweza kutambua sura ya jirani yake kwenye karatasi. Baada ya hapo kuta za shule zilianza kujaa, na watu wa Mpumudde wakaanza kusema mwalimu huyu amezaliwa na kipaji.

Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa na Bwana Eriya Balikowa, mfanyabiashara wa samaki wa hapa Wanyange. Walijaliwa watoto wawili, Nandutu na Isaac. Eriya ananiambia alimuuliza mkewe kwa nini binti yao apewe Nandutu, jina la watu waliomfukuza. Docus alimjibu, "Hilo jina ni langu pia. Sijamwibia mtu."

Mimi nilimpata Novemba 2016. Nilikuja Jinja kwa shughuli zangu, boda boda ikanipitisha mbele ya shule ile, nikaona ukutani picha ya wanawake wakichota maji. Chini yake paliandikwa D. Khainza. Sitaficha nilichofikiri. Nilifikiri kuna mtu anatumia jina letu. Niliingia ndani na, alipojitambulisha, nilimwomba anichore pale pale, nikimtazama. Alinitazama usoni muda mrefu, akajua mimi ni nani, akanichora kwa dakika kumi. Nilirudi Mbale na karatasi ile mfukoni.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Mkono wa kuume wa baba ulikuwa umeanza kutetemeka, na ukuta wa madhabahu ya kanisa la Nakaloke aliokuwa ameahidi kuuchora ulikuwa umechorwa nusu tu. Mzee Wamboga alipoiona karatasi alipiga paja. "Damu imejitokeza," akasema. "Aitwe."

Kikao cha ukoo kilikuwa Jumamosi, tarehe 7 Januari 2017. Docus alikuja na mama yake. Nilikuja kujua baadaye kwamba njiani Mama Gorreti alimsihi, "Mwanangu, usiseme neno. Waache waamini." Alikuwa amesubiri siku hiyo miaka thelathini na minne. Kilichohitajika ni binti yake kukaa kimya na kuitikia.

Mzee Wamboga alisimama akasema ukoo umeridhika, kwa kuwa mkono wa Wanyama umeonekana. Docus akaomba kusema.

"Mzee, nashukuru kuitwa. Lakini mkono huu nimeufundisha mwenyewe, nikiwa na miaka ishirini na mitano. Nilianza na birika. Wanafunzi wangu wengine sasa wananishinda, na hakuna hata mmoja aliye wa ukoo huu."

"Kwa hiyo unakana?"

"Sikani. Nasema mkono hauwezi kumtolea mama ushahidi. Kama leo naitwa mtoto kwa kuwa najua kuchora, basi siku ile niliposhindwa kuchora jogoo mlikuwa na haki ya kumfukuza mama. Hamkuwa nayo."

Mama Gorreti alifunika uso kwa kitambaa. Watu walianza kunong'ona, na shaka ikarudi machoni mwao waziwazi. Mimi nikapendekeza vipimo vya DNA, nikidhani natafuta amani. Docus aligeuka kwangu. "Mkipima, kaka, mtakuwa mmemwamini daktari. Mimi nataka mumwamini mama."

Hapo baba akauliza, "Birika ulilichora kwa muda gani?"

"Muhula mzima, mzee."

"Mimi ilikuwa chupa ya soda," baba akasema. "Fundi Umar alinichoresha chupa moja miezi mitano. Nikikosea ananipiga vidoleni kwa rula."

Hatukuwahi kulisikia jina la Fundi Umar. Sisi tulilelewa na hadithi kwamba baba aliokota mkaa akiwa na miaka mitano akamchora padri, na padri akajitambua. Mzee Wamboga aliondoka kabla ya chakula. Na kwa kuwa sikuamini hata hilo, wiki iliyofuata nilimtafuta binti wa Fundi Umar, Bi Aminah, anayeuza vitambaa Mbale. Alimkumbuka baba vizuri. "Wanyama? Alikuwa mzito wa kujifunza kuliko wanafunzi wote wa baba yangu," akaniambia. "Mama alimwonea huruma." Nilipokuwa narudi ndipo nikafikiri jambo ambalo lilikuwa mbele yetu siku zote: mama yangu aliishi mjini nyuma ya karakana ya baba, nasi tulitambaa katikati ya makopo ya rangi. Mama Gorreti aliishi shambani Nakaloke. Docus alikuwa hajawahi kushika mkaa kabla ya Krismasi ile.

Baba alimwomba Docus amalizie ukuta. Alijibu, "Kwanza mama." Mwezi Machi nilimleta mzee Mpumudde kwa Mjomba Odhiambo. Baba alimwambia Mama Gorreti kwamba alimsingizia, na kwamba alijua anamsingizia. Mama Gorreti alimsikiliza hadi mwisho.

"Umekuja kwa sababu unaniamini, au kwa sababu unataka ukuta umalizwe?"

"Yote mawili," baba akasema.

Mama Gorreti alimvutia kiti. Likizo ya Mei na ya Agosti mwaka huo Docus aliumaliza ukuta ule, nami nikimchanganyia rangi.

Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Jinja na Kampala, akaendelea kufundisha kila alipopata nguvu, mara ya mwisho mwezi Februari mwaka huu. Wageni waliokuja kumwona walimsifu Nandutu kwamba amerithi kipaji cha mama yake, naye Docus aliwakatiza. "Msimwambie hivyo, atashindwa siku moja ajione si wangu. Mpeni karatasi." Alifariki hapa nyumbani Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Juzi Mzee Wamboga alinipigia simu. Alitaka niandike kwamba marehemu "alilelewa katika ukoo wa Wanyama", si kwamba alizaliwa humo, akaniuliza kama nimewahi kuthibitisha zaidi ya hapo. Nilimjibu kwamba nimeuliza maswali ya kutosha juu ya dada yangu, na yote yalikuwa ya aibu kwangu.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Gorreti. Baba yake, Mzee Wanyama. Mume wake, Bwana Eriya Balikowa. Watoto wake, Nandutu na Isaac. Mjomba wake, Afande Odhiambo. Kaka na dada wanne, nikiwemo mimi. Na wanafunzi wengi wa Mpumudde.

Mungu ampokee Mwalimu Docus Khainza, binti wa Wanyama na Gorreti. Apumzike kwa amani, asiulizwe tena.