Mwisho Aliotusomea Siti

Katika boti ya kwenda kisiwa cha Makoongwe, Asya, aliyemaliza chuo mwezi uliopita, alijifanya anasoma simu ili awasikilize vizuri majirani zake.

"Hicho nakijua, mwanangu," Bi Mwanawema alimwambia kijana aliyeshika riwaya kuukuu. "Wapelelezi wawili wanajifanya mke na mume, mwisho wanaoana kweli."

"Hawaoani, bibi. Mwanamke anamsaliti mwenzake. Nimemaliza sasa hivi."

"Muongo we! Siti, mwenzetu, alitusomea chote pale mtaani Jadida, sisi mikono imo kwenye kofia tunazoshona. Tulilia sote. Wiki ile ile nikakubali posa ya Hamdan, niliyemkimbia mwaka mzima. Nimeishi naye miaka thelathini na nane, Mungu amrehemu, sikujuta hata siku moja."

Kijana akamfungulia ukurasa wa mwisho. Bi Mwanawema alivaa miwani, akausoma kimya hadi chini.

"Huyo Siti," kijana aliuliza taratibu, "alikuwa nani kwa Hamdan?"

"Dada yake."

Boti nzima ilicheka, hata nahodha, ambaye hakuna aliyemuuliza, akadakia: "Basi mpelelezi alikuwa yeye!"

Bi Mwanawema alicheka pia, kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Asya alitamani kumshika mkono.

"Ndiko ninakokwenda, kwa Siti," bibi alimwambia kijana. "Anaumwa. Niazime kitabu, nataka anisomee tena ule mwisho."

"Mwisho upi, bibi?"

Boti iligusa mchanga. Bi Mwanawema alivua viatu, akakikumbatia kitabu kifuani, akateremka majini.