Marehemu Melkior Kasogela, Aliyegonga Madaraja

Ndugu waombolezaji, kaka yetu Melkior Kasogela alizaliwa Mamba tarehe 6 Januari 1921, siku ya Mamajusi, ndiyo maana akapewa jina hilo, akasoma shule ya misheni Karema kuanzia mwaka 1930 hadi 1936, na mimi Osward, mdogo wake ninayewasomea, nilimfuata huko huko.

Mwaka 1939 aliajiriwa kuwa kibarua wa barabara, akapanda hadi kuwa mkaguzi wa madaraja mwaka 1954, kazi aliyoifanya kwa nyundo na sikio, akiligonga zege la zamani hatua kwa hatua, na alituambia kwamba zege zima hulia kama kengele na lililooza hulia kama debe. Tarehe 8 Septemba 1946 alifunga ndoa na shemeji Katarina, wakajaliwa watoto watatu, Emerensiana, Damiano na Pelagia, ambao wote walijifunza kunyamaza baba yao akiinua nyundo.

Tarehe 14 Machi 1973 alilikagua daraja la Mto Nyakasuli, lililojengwa enzi za mkoloni, akatuma simu ya maandishi kutoka Karema yenye maneno matatu, "Nyufa daraja zima", akimaanisha kwamba nyufa zimelienea lote. Karani aliyeipiga chapa hapa Mpanda ili apelekewe mhandisi aliona kaka amesahau kuweka vituo, akamsaidia kwa nukta moja, ikasomeka "Nyufa. Daraja zima", na daraja halikufungwa. Siku ya tano yake lilikatika chini ya lori la mpunga, wakafa watu saba, akiwemo dada yetu Helena.

Melkior alipoonyeshwa karatasi ile aliitazama sana, akasema maneno ni yake, akastaafishwa kwa manufaa ya umma mwezi Juni mwaka huo huo. Tangu hapo aliyemuuliza "U mzima?" alijibiwa "Nipo" tu, na kila asubuhi mlimwona akigonga kuta za nyumba yake, nguzo za kanisa, hata msalaba wa kaburi la Helena, kisha akitega sikio kama anayesubiri kuitikiwa, nasi tuliogopa.

Alianza kuugua kifua Februari 1978. Daktari alipomgonga mgongoni kwa vidole, kaka alitega sikio, akamwambia, "Hapo ni debe, daktari, funga daraja," na hiyo ndiyo mara pekee tuliyomwona akicheka katika miaka mitano. Alifariki tarehe 2 Mei 1978, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliolala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake mliochimba kaburi. Shemeji Katarina, wanangu, na nyie ndugu wa wale sita wengine, karani yule ni mimi, na Melkior alijua vizuri ni nani anayepiga chapa pale ofisini, akanificha mpaka leo. Pumzika kwa amani, kaka, nukta ile sasa naibeba mwenyewe.